Kabla ya kuahidiwa uwanja mpya, Bunia iitazame Kindu na Kamalondo

Mwaka 2024 AS Maniema Union ya Kindu ilifika mahali ambapo timu nyingi za mashariki mwa Kongo hazijawahi kufika: makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Novemba 26 ilikwenda Pretoria ikatoka 0-0 na Mamelodi Sundowns, timu yenye bajeti ambayo ukiisema Kindu watu watadhani unatania. Katika kundi hilo walikuwemo pia Raja Casablanca na AS FAR za Moroko. Wakaaji wa Kindu walikuwa na haki ya kuziona timu hizo tatu zikishuka kwenye uwanja wao wa ndege na kucheza mbele ya macho yao.

Hawakuziona. Maniema Union ilipokea wageni wake Kinshasa, kwenye Stade des Martyrs, zaidi ya kilomita 1.100 kutoka nyumbani, kwa sababu Kindu haikuwa na uwanja unaokubaliwa na CAF kwa mechi za kiwango hicho. Timu ikawa mgeni ugenini na mgeni "nyumbani". Tiketi za ndege, hoteli na chakula cha kikosi kizima zililipwa hata kwa mechi ambazo kwenye karatasi ziliitwa za nyumbani. Na yule mama wa Kindu anayeuza karanga na maji siku ya mechi hakuuza kitu.

Hadithi hiyo inaihusu Bunia zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Kila mara mpira wa Ituri unapozungumzwa, iwe kwenye ofisi za ligi, kwenye redio au kwenye kituo cha motari, mazungumzo hufika palepale: mji unahitaji uwanja mpya, timu zihamie huko, vijana wapate pa kucheza. Hakuna anayepinga. Lakini kabla ya mtu kusimama na maketi ya rangi nzuri na kuahidi viti elfu kadhaa, kuna maswali mawili ambayo kwa kawaida hayaulizwi. Uwanja huo utakuwa mali ya nani? Na utajengwa upande gani wa mji?

Kuhusu swali la kwanza, mfano uko Lubumbashi. TP Mazembe ilihamia kwenye uwanja wake yenyewe katika mtaa wa Kamalondo mwaka 2011. Kabla ya hapo ilikuwa ikitumia uwanja mkubwa wa mji, ule wa Kenya unaoitwa Frédéric Kibassa Maliba, sawa na majirani zao wa Saint-Éloi Lupopo. Uwanja wa Kamalondo ni mdogo kuliko ule wa Kenya. Unachukua watu takriban 18.000, una nyasi bandia, na uko katikati ya watu, mahali ambapo shabiki anaweza kufika kwa miguu na kurudi kwa miguu. Timu ilihama kutoka pakubwa kwenda padogo, na hilo peke yake lingetosha kuwatuliza wale wanaodhani uwanja haufai mpaka uwe na viti 40.000.

Watu hupenda kusema kwamba uwanja ndio ulioipa Mazembe makombe. Tarehe zinakataa. Ligi ya Mabingwa ya 2009 na ya 2010 ilichukuliwa kabla ya kuhama. Ile 5-0 dhidi ya Espérance ya Tunis, Oktoba 2010, ilipigwa kwenye uwanja wa zamani. Na Desemba mwaka huo Mazembe ilipoifunga Pachuca, ikaifunga Internacional ya Brazil, ikafika fainali ya dunia dhidi ya Inter Milan, uwanja wa Kamalondo ulikuwa haujafunguliwa. Kwa hiyo kiongozi wa timu ya Bunia asijifiche nyuma ya ukosefu wa uwanja kila anapofungwa. Kocha, mazoezi na mishahara inayolipwa kwa wakati vilikuja kwanza, nyumba ikafuata.

Lakini nyumba ilipokuja, ilileta kitu ambacho kombe halileti. Mwaka 2015 Mazembe ilimaliza fainali ya Ligi ya Mabingwa hapo Kamalondo kwa kuifunga USM Alger 2-0. Mwaka 2016 ikaifunga MO Béjaïa 4-1 hapohapo na kuchukua Kombe la Shirikisho, na 2017 ikalitetea mbele ya SuperSport United. Miaka hiyo ndiyo ambayo mwenye timu, Moïse Katumbi, alikuwa ametofautiana na utawala wa Kinshasa, akatoka nchini 2016 na kurudi Mei 2019. Rais wa timu akiwa nje ya nchi, timu iliendelea kucheza kwake. Septemba 2021, hata timu ya taifa ilipocheza na Tanzania kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia, mechi hiyo ya 1-1 ilichezwa kwenye uwanja huo wa klabu. Serikali ndiyo iliyokwenda kubisha hodi kwa klabu.

Haki isemwe pia: msimu uleule wa 2024-2025 ambao Maniema Union ilimaliza mkiani mwa kundi lake ikiwa Kinshasa, Mazembe nayo ilimaliza mkiani mwa kundi lake ikiwa nyumbani Lubumbashi. Uwanja haufungi magoli. Tofauti ni kwamba Lubumbashi watu waliingia, walilipa, waliiona Yanga ya Dar es Salaam ikisawazisha dakika za mwisho, walikasirika, wakarudi nyumbani wakigombana kuhusu kocha. Kindu walisikiliza redio.

Sasa Bunia. Hapa neno "uwanja mpya" linagusa ardhi, na ardhi Ituri haijawahi kuwa jambo dogo. Sheria ya ardhi ya Julai 20, 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali, na kwamba raia au shirika hupewa haki ya kuutumia tu. Raia wa Kongo kama mtu binafsi anaweza kupata konsesheni ya kudumu. Shirika haliwezi: timu ya mpira, ambayo kwa kawaida ni ASBL, hupata konsesheni ya kawaida isiyozidi miaka 25, inayoweza kufanywa upya. Katika tofauti hiyo ndimo mtego ulimo. Ni rahisi sana, na wakati mwingine inafanywa kwa nia njema kabisa, kuandikisha kiwanja kwa jina la rais wa timu ili kipate hati ya kudumu. Siku rais anapokufa, anapogombana na kamati au anapokosa pesa, watoto wake wanaonyesha hati, na timu inajikuta inacheza kwenye urithi wa familia ya mtu. Hakuna hakimu atakayewalaumu watoto.

Ndiyo maana timu yoyote ya Bunia inayotaka kuhama ingefanya vizuri kuanza na karatasi kabla ya simenti: hadhi ya kisheria ya ASBL iliyokamilika, hati ya kiwanja kwa jina la timu, mipaka iliyopimwa na kuwekewa alama, na ukuta. Ndiyo, ukuta kabla ya tribini. Katika miji mingi ya Kongo viwanja vya mpira vilivyoachwa wazi vimemegwa kidogokidogo, leo kibanda, kesho duka, keshokutwa nyumba ya ghorofa, mpaka kona ya kupigia mpira inakuwa jikoni kwa mtu. Ukuta wa matofali hauna sifa mbele ya kamera, lakini ndio unaolinda. Ndio pia unaowezesha kuuza tiketi, maana mahali pasipo ukuta shabiki anayelipa anaonekana mjinga mbele ya yule anayeangalia bure juu ya mti.

Swali la pili, upande gani wa mji, ni gumu zaidi, na huko ndiko wanasiasa hukimbilia jibu rahisi: nje ya mji, kwenye nafasi kubwa. Kwa Bunia jibu hilo ni baya. Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021. Barabara zinazotoka mjini zina historia yake ya mashambulizi, na maelfu ya watu waliokimbia vijiji vyao bado wanaishi kwenye kambi kama Kigonze kwa sababu hawawezi kurudi kilomita chache tu kutoka hapa. Uwanja ulioko nje, ambao mechi yake ikichelewa watu 5.000 wanarudi gizani kwa pikipiki, utakuwa tupu baada ya mwaka mmoja.

Kuna na jambo ambalo wakubwa hawapendi kulisema hadharani. Mwaka 2003 mji huu uligawanyika mtaa kwa mtaa, na mtu aliuawa kwa kukutwa upande usio wake. Miaka zaidi ya 20 imepita, vijana wanaocheza leo wengi hawakuwa wamezaliwa, lakini mama zao wanakumbuka njia gani hawapiti. Uwanja ukiwekwa mahali ambapo jamii moja inapaona kuwa pake na nyingine inapaona kuwa pa hatari, timu itakayohamia huko itakuwa timu ya kabila hata kama kikosi chake kina watu wa kila upande. Mahali panapofaa ni pale ambapo watu wote tayari wanapita kila siku bila kufikiri: karibu na soko, karibu na shule, kando ya barabara kubwa. Ardhi ya hapo ni ghali na ndogo. Basi uwanja uwe mdogo.

Udogo nao una sharti lake, kwa sababu umati unaua. Septemba 2008, jirani zetu wa Butembo walizika watu wasiopungua 11, wengi wao vijana, baada ya mechi ya mtaani kuvurugika kwa tuhuma za uchawi, polisi kurusha gesi ya machozi na watu kukanyagana wakitafuta pa kutokea. Oktoba 2022, Stade des Martyrs ya Kinshasa, uwanja mkubwa kuliko yote nchini, ilipoteza watu 11 kwenye tamasha la Fally Ipupa. Mahali pawili tofauti kabisa, na idadi inalingana. Kwa hiyo kwenye mchoro wowote utakaoletwa Bunia, jicho lisiende kwenye jukwaa la wageni rasmi. Lihesabu milango. Ingalie inafunguka upande gani, ni mipana kiasi gani, na nani anashika ufunguo dakika ya 90.

Wasichana nao wasisahauliwe kwenye mchoro huo. Novemba 2024 timu ya wanawake ya TP Mazembe ilichukua Ligi ya Mabingwa Afrika. Hapa mchezaji wa kike asiyekuwa na chumba cha kubadilishia nguo wala choo ataacha mpira akifika miaka 15, na hakuna kocha atakayemrudisha. Vyumba vinne badala ya viwili si gharama ya kutisha.

Pesa zitoke wapi? Jibu la kawaida ni "mwekezaji" au "serikali". Mazembe ilikuwa na tajiri wake, na hilo ni bahati na ni hatari kwa wakati mmoja, maana si kila mji una Katumbi, na aliye naye hajui kesho yake. Ituri ina dhahabu, ina wafanyabiashara wanaonunua bidhaa mpaka Guangzhou, ina soko linalopitisha mali ya Uganda kila siku. Wafanyabiashara 30 wanaochanga kidogokidogo kwa miaka mitatu, hesabu zikibandikwa ukutani kila mwezi, wanaweza kujenga ukuta, vyumba, vyoo na ngazi za watu 3.000. Taa na viti vya CAF vije baadaye, siku timu itakapokuwa imepanda mpaka vihitajike. Serikali ya jimbo ina kazi moja tu ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya: kutoa hati, kuilinda, na kutokirudisha kiwanja mezani kila gavana mpya anapofika. Na isitake uwanja uitwe jina lake. Februari 2025, siku chache baada ya Goma kuchukuliwa, Stade de l'Unité ilijaa watu kwa mkutano wa AFC/M23. Uwanja wa umma huenda na anayeshika mji.

Ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Hoima, Uganda imejenga uwanja wa watu takriban 20.000 kwa ajili ya CAN 2027. Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 120 kutoka Bunia, wakati Kinshasa iko zaidi ya 1.700. Siku timu ya Ituri itakapofuzu mashindano ya Afrika ikiwa haina nyumba, kuna uwezekano mkubwa kwamba hesabu ya mafuta na tiketi itaipeleka Hoima, na mashabiki wa Bunia watahitaji laissez-passer ili kwenda kuishangilia timu yao ikicheza nyumbani.