Tusiwadharau Mabuu

Wako watu wakunjao uso wasikiapo kwamba samaki wa kufugwa aweza kulishwa mabuu wa nzi. Husema ni uchafu, na alaye samaki huyo ala uchafu. Neno hili husemwa kwa sauti kubwa, lakini sauti kubwa si hoja.

Na tuanze na samaki mwenyewe. Trauti wa mito ya Mlima Kenya hakungoja ruhusa ya mtu yeyote ili ale wadudu. Ni sehemu ya riziki yake ya kila siku. Ajabu ni kwamba twaona kinyaa kumpa samaki chakula hicho, wala hatuoni haya kumpa unga wa omena. Omena ni kitoweo cha maskini katika nyumba nyingi za magharibi ya Kenya. Kila gunia linunuliwalo kufanywa chakula cha mifugo humwacha mama mwenye senti chache akishindana bei na kiwanda. Ikiwa pana jambo la kutia kinyaa, ni hilo.

Sasa tutazame utumboni. Utumbo wa samaki, kama wetu, ni makao ya bakteria wasiohesabika. Wengine husaidia kusaga chakula na kuzuia maradhi; wengine huvizia nafasi ya kudhuru. Ngozi ya mabuu ina kitini, kitu kigumu kwa samaki kukisaga, lakini baadhi ya bakteria hukifanya chakula chao. Mafuta ya mabuu wa nzi askari mweusi yana asidi ya lauriki, nayo huzuia baadhi ya bakteria waharibifu. Watafiti waliowalisha trauti mabuu hao wameona mara nyingi kwamba aina za bakteria utumboni huongezeka, na wale watoao asidi ya laktiki, ambao wengi wao ni wenye manufaa, hustawi.

Haya hayatupi ruhusa ya kutia chumvi. Kitini kikizidi, chakula hakisagiki vema. Tena kubadilika kwa bakteria peke yake si ushahidi wa afya. Ushahidi huo hutafutwa katika ukuaji wa samaki na kinga yake. Na mabuu wakikuzwa juu ya taka zenye madini ya sumu kama kadimiamu, sumu hiyo hujikusanya miliini mwao. Basi la kudai ni kipimo na usafi, si marufuku. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa wadudu katika chakula cha samaki wa kufugwa, ukaweka masharti juu ya kile walishwacho wadudu hao. Hilo ndilo jibu la watu wenye akili.

Enyi vijana, mdharau mwiba mguu huota tende. Ninyi ndio mtakaofuga, mtakaopima na mtakaotunga sheria. Mtu akiwaambia kwamba jambo fulani ni chafu, mwulizeni amelipima kwa kipimo gani. Akikosa jibu, mwachieni kinyaa chake, nanyi mwachieni mtoto wa maskini omena wake.