Msituambie Waya Inatosha

"Kwa kuanza, waya inatosha." Tuliambiwa hivyo kwenye warsha ya uhuishaji wa vikaragosi: unasogeza kidogo, unapiga picha, unasogeza tena. Nikaamini. Siku ya tatu mkono wa kikaragosi changu ukakatika ndani kwa ndani. Kwa picha 12 kila sekunde, dakika moja ni picha 720. Hebu anza upya.

Waya ikikunjwa kila mara huchoka, mwishowe hukatika. Kiungo cha gololi hakikunjwi, kinazunguka. Ni gololi mbili za chuma zilizobanwa kati ya vibati viwili vyenye matundu, na skrubu katikati. Ukikaza vizuri, mkono unabaki pale ulipouacha.

Ati hayo ni mambo ya Hollywood? Zii. Ray Harryhausen aliundiwa mifupa ya vikaragosi vyake na babake, Fred, fundi wa mitambo.

Na sisi tuna Kamukunji, nyundo zinalia kutwa. Gololi zangu nilizitoa kwenye beringi kuukuu. Zilikataa kutoboka, nikazichoma kwa jiko la makaa mpaka zikawa nyekundu, nikazifukia kwenye majivu usiku kucha. Asubuhi drili ikaingia. Kiungo cha kwanza kilikuwa kibovu. Cha nne kilishika.

Kwa hivyo mkitufundisha, tufundisheni na chuma. Anayekwambia waya inatosha ameshaamua kwamba filamu yako haitafika dakika ya pili.