Wahadhiri Wanawake wa Uhandisi Watoke Wapi?
Mjadala huu huishia mara nyingi kwenye udahili, ilhali Dodoma mlango huo umekwisha kufunguliwa kwa kiasi: Shule ya Wasichana ya Msalato inafundisha sayansi kwa sifa, na Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina ndaki ya uhandisi. Yanayostahili kukaziwa macho ni yanayofuata baada ya kuhitimu. Ukufunzi msaidizi, ngazi ya kwanza ya kazi ya taaluma katika vyuo vikuu vya umma, hudai wastani wa ufaulu usiopungua 3.8 kati ya 5, na kufikia uhadhiri kamili hutaka shahada ya uzamivu, yaani udaktari wa falsafa, ambayo miaka yake huangukia hasa kipindi cha kujifungua na kunyonyesha. Kazi ya maabara nayo haingoji: mchemraba wa zege, kwa mfano, hupimwa nguvu ukitimiza siku 28, na siku hiyo haiahirishwi kwa kuwa mtoto wa mtafiti amepata homa. Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu kwa wahitimu, ambamo Norway iliwafadhili wanawake mahsusi. Ufadhili wa namna hiyo unahitajika sana katika uzamivu, pamoja na muda wa nyongeza kwa wanaojifungua na chumba cha kulelea watoto karibu na maabara.