Mtoto kiziwi: mama asitwishwe lawama peke yake

Huku Mwanza na visiwani Ukerewe, mtoto akizaliwa hasikii, mara nyingi husutwa mama: karogwa, kavunja mwiko, ukoo wao ndio mbaya. Hata talaka hutolewa.

Ni dhulma. Mwaka 1997 watafiti wa London walibaini kuwa hitilafu katika jeni iitwayo GJB2 huleta uziwi. Kwa kawaida mtoto huwa kiziwi akiirithi kwa baba na kwa mama pia, nao wote wawili husikia vizuri! Kila mimba yao ina uwezekano wa robo. Wenye damu moja wakioana, hatari huongezeka. Kumuoa binti ami ni halali, si faradhi. Ukoo wenye viziwi ufikiri kwanza.

Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikuta hitilafu za GJB2 ni chache Kenya na Sudan. Basi jeni zetu zichunguzwe hapa kwetu, tusitegemee majibu ya Ulaya.

Na si kila uziwi ni wa kurithi. Je, mtoto aliugua uti wa mgongo? Alipata manjano kali alipozaliwa? Alidungwa jentamaisini? Ukimshuku hasikii, usingoje atimize miaka mitatu. Mpelekeni Bugando, baba na mama pamoja.