Kipupwe na Maua ya Makopo

Katika Ruanda, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma, makopo ya maua yaliyopangwa mbele ya nyumba hupendeza sana masika yanapokwisha. Ifikapo Julai mengi huwa yamebaki vijiti vyeusi. Wenyewe hulaumu udongo, na wako wanaolaumu jicho la jirani. Kinachoua ni kipupwe, na zaidi ya kipupwe, namna maua yanavyotunzwa majira hayo.

Wengi huamini kwamba pasipo jalidi hapana hatari. Imani hiyo ni potofu. Mimea yenye asili ya misitu ya joto huanza kudhurika kitambo kabla maji hayajaganda: joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi za sentigredi, utando wa seli hukakamaa na mizizi hushindwa kunyonya maji. Jani hunyauka ilhali udongo umelowa. Hapo mwenye ua, kwa huruma, humwaga maji zaidi, na mizizi huoza. Si ajabu ikiwa maji hayo ya huruma yanaua maua mengi kuliko baridi yenyewe.

Usiku wenye anga safi ndio wa kuogopwa. Ardhi na majani hupoteza joto kuelekea angani bila wingu la kulizuia, hata jani likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa iliyopoa nayo ni nzito, huteremka na kutuama mabondeni. Kwa sababu hiyo kopo lililo chini ya paa la baraza huweza kupona, na lile lililoachwa uani, hatua chache tu kutoka hapo, likafa. Paa ni blanketi.

Basi yafaa maua yaingizwe ndani mapema, mwishoni mwa Mei, lakini yakae wapi? Vitabu vingi vya bustani viliandikwa Ulaya, navyo husisitiza dirisha linaloelekea kusini. Ruanda iko karibu nyuzi 9 kusini ya ikweta. Mwezi wa Juni jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini, kiasi cha nyuzi 32 kutoka utosini. Anayekifuata kitabu neno kwa neno huliweka ua lake kwenye kivuli cha ukuta kwa miezi mitatu, kisha hushangaa linapopauka. Dirisha la Mbozi ni la kaskazini. Elimu iliyonakiliwa bila kupimwa hapa nchini huwa na kasoro za namna hiyo, na si katika bustani peke yake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ua linalosifiwa kuliko mengi katika madirisha ya Ulaya na Marekani wakati wa theluji ni la Tanzania. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani huko Usambara, alilipeleka kwao; mwaka 1893 Hermann Wendland wa Hannover akaliita Saintpaulia. Wataalamu wa siku hizi wameliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Wageni walijifunza kwamba halitaki maji baridi juu ya majani, kwani huacha madoa. Kwamba hutaka mwanga usio wa jua kali. Na kwamba jani moja likichomekwa mchangani hutoa mche mpya. Wakajenga biashara kubwa juu ya maarifa hayo, huku misitu ya asili ya ua lenyewe ikiendelea kukatwa. Mkataba wa mwaka 1992 kuhusu bayoanuwai ulitambua haki ya kila taifa juu ya mali asili yake, lakini haki hiyo haina faida kubwa kwa taifa lisilojua kulihifadhi ua hilo katika kopo.

Watakuwapo watakaosema maua ni anasa. Mbozi ni wilaya ya kahawa, na mche mchanga wa kahawa hauna ngozi ngumu kuliko ua: nao hudhurika na usiku ule ule, huoza kwa maji yale yale. Kituo cha utafiti wa kahawa kipo Mbimba, wilayani humo humo. Lingekuwa jambo la busara shule za jirani zipewe kipimajoto kimoja kimoja, wanafunzi waandike joto la alfajiri barazani, uani na bondeni tangu Juni hadi Agosti, na hesabu hizo zitumiwe kuamua mahali pa kuweka vitalu. Gharama yake ni ndogo mno kwa serikali yoyote ya kijiji.

Asiye na nafasi ndani ya nyumba hana haja ya kuingiza kila kopo. Akate vipandikizi mwezi wa Mei, avichomeke katika kopo la maziwa lililotobolewa chini, ayanyweshe asubuhi tu, maji yaliyozimuliwa baridi, tena udongo wa juu ukishakauka. Jiko la mkaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa kwa ajili ya kuyapasha maua moto: hewa yake ya sumu humwua mwenye nyumba.