Shahada ya Chuo, Darasa la Mshirika

Katika miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010, mpita njia katikati ya jiji la Nairobi hakuhitaji kusafiri ili avione vyuo vikuu vya mikoani. Moi, kilichoanzishwa karibu na Eldoret mwaka wa 1984, Egerton cha Njoro na vinginevyo vilikuwa na mabango yao juu ya maduka na steji za matatu. Baadhi ya mabewa ya mjini yaliendeshwa na vyuo vyenyewe. Mengine yalikuwa ya ubia: chuo kikuu cha umma kilitia sahihi mkataba na chuo cha kibinafsi, nacho kikafundisha kwa jina la chuo kikuu. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kiliutumia utaratibu huu kwa miaka mingi. Ni aina hii ya pili ninayotaka tuijadili, kwa maana imetugusa sisi wa Kiswahili kuliko tunavyokiri.

Ni haki kwanza kuutaja wema wake. Mwalimu wa shule ya msingi Eastlands, atokaye kazini saa kumi na moja jioni, atafikaje Njoro? Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kianzishe mpango sambamba wa wanafunzi wanaojilipia mwaka wa 1998, maelfu ya watu waliokuwa wamefungiwa nje walisoma. Anayewabeza wahitimu hao hajui walivyojinyima.

Hata hivyo, hebu tuutazame mkataba wenyewe. Aghalabu mshirika hukodi jengo, hutangaza kozi, husajili wanafunzi na kuwalipa wahadhiri kwa saa. Chuo kikuu hutoa mtaala, hupitisha alama katika seneti na hutoa cheti. Karo hugawanywa baina yao. Hapo ndipo penye kasoro. Mshirika hufaidika kwa wingi wa wanaoingia, ilhali aibu ya wanaotoka bila maarifa humwangukia mwenye jina.

Kiswahili nacho huingia humo kwa mlango wa nyuma. Mshirika hutafuta kozi inayouzika, na zinazouzika ni za biashara na kompyuta. Somo letu huja likiwa limefungamanishwa na shahada ya ualimu, kwa kuwa mwalimu wa sekondari hana budi kuwa na masomo mawili ya kufundishia. Mimi mwenyewe nilifundisha fasihi kwa mihula miwili katika kituo kimoja ambacho sitakitaja. Maktaba ilikuwa kabati moja; ndani mlikuwa na kamusi mbili na vitabu vya uhasibu. Wanafunzi wangu, watu wazima wenye bidii, walisoma riwaya kwa kurasa zilizorudufiwa, na aliyekosa shilingi za kurudufu alisikiliza tu wenzake wakihakiki. Muhula ulipokwisha, alama za baadhi yao hazikuonekana. Mshirika akasema zimepelekwa chuoni. Chuoni wakasema hawajaletewa. Hao waliorushwa huku na huko walikuwa wamekwisha kulipa karo yote.

Mwaka wa 2016 mambo mawili yalitukia. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu iliamuru mabewa 10 ya Chuo Kikuu cha Kisii yafungwe. Kisha mwishoni mwa mwaka huohuo matokeo ya KCSE yakatangazwa: waliopata C+ na zaidi walikuwa 88,929 pekee, wachache mno kuliko mwaka uliotangulia. Serikali iliweza kuwatafutia wote nafasi, wengine katika vyuo vikuu vya kibinafsi. Vituo vilivyotegemea wale wanaokosa nafasi vilibaki na kodi ya nyumba na madarasa matupu. Vingi vimefungwa tangu hapo.

Basi suala limekwisha? Sidhani. Madeni ya vyuo vikuu vya umma yangalipo, na mwenye deni huwa mwepesi wa kutia sahihi. Mikataba ya namna hii yaweza kurudi, pengine safari hii ikiwa na masomo ya mtandaoni badala ya ghorofa ya tatu. Siombi ipigwe marufuku. Mshirika na akodi jengo, alipake rangi, atangaze apendavyo. Lakini uteuzi wa mhadhiri, karatasi ya mtihani na daftari la alama visitoke mikononi mwa idara. Tena pawepo fedha zilizotengwa tangu siku ya kwanza za kuwamalizia masomo waliosajiliwa, iwapo mshirika atafunga mlango katikati ya mwaka.

Nasi wa Kiswahili tusingoje seneti. Mkuu wa idara anapoletewa mtaala auidhinishe kwa ajili ya kituo fulani, na aende kwanza akazione rafu za vitabu. Akikuta diwani na riwaya zilizotajwa katika mtaala hazipo, asitie sahihi.