Embe Zimebaki Kushoto

Jioni moja baada ya Alasiri nilikaa na mtoto wa jirani kwenye baraza yetu Mkunazini. Yeye yuko darasa la tano, mimi nasoma shahada ya uzamili, na mama yake aliamini kwamba mtu aliyesoma mpaka huko hawezi kushindwa na hesabu za mtoto. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Ali alikuwa na embe 45, akampa dada yake 18, na mwisho swali likauliza: "How many mangoes are left?"

Nikamwambia anieleze swali linataka nini. Akasogeza kidole neno kwa neno, kisha akainua mkono wake wa kushoto. "Dada, wanauliza embe ngapi ziko upande huu."

Nilicheka. Kwa kicheko kile naomba radhi hapa hadharani, kwa sababu mtoto yule alikuwa amefanya jambo ambalo wenzake wengi wameshaliacha: alijaribu kuelewa.

Nilichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi ya kucheka. Nilimfundisha ujanja. Nilichukua karatasi nikamwandikia: "left", toa, "altogether", jumlisha, "each", zidisha, "share", gawanya. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na ndivyo tuisheni nyingi zinavyofundisha. Wiki ile akapata maswali yote. Mama yake akaniletea sahani ya visheti, nami nikajiona mwalimu.

Wiki iliyofuata likaja swali jengine. Ali amempa dada yake embe 18, sasa amebaki na 45. Mwanzo alikuwa na ngapi? Mtoto hakusita. Akaliona neno "left", akatoa, akaandika 27. Nikamuuliza: mtu kagawa embe, kabaki na 45, vipi mwanzo awe na 27? Akanitazama kwa mshangao. "Si umesema left ni kutoa?"

Hapo mkosa si mtoto. Mkosa ni mimi, na nyuma yangu wapo wengi.

Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Kabla ya hapo skuli za msingi za Serikali zilizisomesha kwa Kiswahili. Mimi nimepita humo: nililala la nne nikijua kujumlisha, nikaamka la tano naambiwa "add". Jambo hili limefanyika kwetu, watu wa Unguja, ambao lahaja yetu ndiyo iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928 iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kila tarehe 7 Julai dunia nzima inaadhimisha Siku ya Kiswahili, na sisi tunapanda majukwaani. Tukishuka, tunamkabidhi mtoto wa Mkunazini embe za kuhesabu kwa lugha asiyoijua.

Mwaka 1977 mtafiti wa Australia, Anne Newman, alieleza kwamba mtoto anayefumbua fumbo la hesabu hupita hatua tano: kusoma maneno, kuelewa kinachoulizwa, kuamua afanye hesabu gani, kuikokotoa, na kuandika jibu. Kukokotoa ni hatua ya nne. Anayejikwaa kwenye ya kwanza au ya pili haokolewi na umahiri wake wa kutoa na kuzidisha, kwa kuwa hafiki huko. Na sisi tukiona alama ya kosa kwenye daftari tunasema, "Hesabu zimemshinda." Hesabu gani? Mtoto hajaonyeshwa mlango wa kuingilia.

Wapo watakaosema mafumbo ni magumu kwa asili yake, tuwape watoto namba tupu. Sikubali. Mwaka 1985 watafiti watatu nchini Brazil, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti juu ya watoto watano wa mji wa Recife waliokuwa wakiuza nazi na bidhaa nyengine mitaani. Walipoulizwa hesabu wakiwa kwenye biashara zao, watoto wale walipata asilimia 98. Walipopewa mafumbo ya maandishi, walipata kama asilimia 74. Walipopewa namba tupu, bila ya nazi wala mnunuzi, walishuka hadi asilimia 37. Watoto ni wale wale. Kwa hiyo fumbo lenye maana linamsaidia mtoto. Linalomwangusha ni fumbo lililonyang'anywa maana yake.

Najua jibu la wazazi, maana mama wa mtoto huyu aliniambia usoni: "Mwanangu atapata kazi gani hotelini bila ya Kiingereza?" Hoja yake nzito. Kisiwa hiki kinaishi kwa watalii, na mimi mwenyewe tasnifu yangu naiandika kwa Kiingereza. Lakini Kiingereza ni somo. Kisomesheni kama somo, mapema, kwa mwalimu anayekijua vizuri. Mtoto aliyekariri kwamba "left" ni kutoa hakujifunza Kiingereza, na hesabu nazo hakujifunza. Kakosa huku na huku.

Wala sisemi kwamba kutafsiri kitabu kutamaliza kazi. Ujanja wangu ungeharibu vile vile kwa Kiswahili: mwambie mtoto kila "zimebaki" maana yake toa, naye atakuandikia 27 bila ya aibu. Lugha ya mtoto inafungua mlango. Bado anahitaji mtu wa kumfundisha asimame, asome, afikiri. Tofauti ni kwamba kwa Kiswahili naweza kumuuliza, "Inaingia akilini?" na akawa na akili ya kuniingizia. Watoto hawa usiku wanategeana vitendawili na kuvitegua. Wazee walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Sisi tumewachukua werevu tukawafumbia kwa maneno wasiyoyajua, kisha tukawaita wajinga.

Ile karatasi yangu nimeichana. Siku hizi tunafunga kitabu kwanza, na mimi nasimulia kisa bila ya namba. Ali alikuwa na embe. Akampa dada yake baadhi. Nyengine anazo. Je, mwanzo alikuwa na nyingi kuliko sasa, au chache? "Nyingi, Dada, si kagawa!" Basi weka namba. Akaweka: 18 na 45, jumla 63. Hakuuliza ajumlishe au atoe.

Kazi hii haihitaji fedha za mfadhili. Mwalimu wa tuisheni anaweza kuianza leo. Mwandishi wa kitabu anaweza kuacha kumuuliza mtoto wa Unguja habari za treni, wakati treni yetu ya Bububu ilisita tangu miaka ya 1920, akamuuliza nauli ya daladala. Na wenye kuamua lugha ya darasani wakae baraza moja na mtoto wa darasa la tano, wamwombe awaeleze swali kabla ya kumdai jibu.

Juzi nilimwambia mwanafunzi wangu anitegee yeye. Akafikiri kidogo. "Mama kanipa elfu kumi niende Darajani. Nimenunua nazi tatu, nimerudi na elfu tano na mia tano. Nazi moja bei gani?" Hesabu ya hatua mbili, na kwenye kitabu chake darasa lilikuwa halijafika huko. Nikamjibu, elfu moja na mia tano.

"Za nini?" akaniuliza. "Andika shilingi, Dada. Utakosa alama."